Barua ya wazi: Neno kiharusi halimo kwenye karatasi yetu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

YAH: VIDONGE VYA MAJIRA (VYA UZAZI WA MPANGO), ONYO LISILOSOMEKA NA MLANGO WA MAHAKAMA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Januari 2021 mdogo wangu alipanda basi Dar es Salaam alfajiri kuja nyumbani Mbeya. Alikuwa na miaka 24, amemaliza chuo, anazungusha barua za kuomba kazi. Alikaa dirishani kutwa nzima, akashuka mara mbili tu, Morogoro na Makambako, kama tunavyosafiri wote. Kesho yake shavu la mguu wa kushoto likaanza kuvuta. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kiatu hakiingii, ngozi imekaza inang'aa. Bibi akasema ni uchovu wa basi. Akaitwa mama mmoja wa jirani anayejua kukanda, akaukanda mguu ule kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, siku mbili mfululizo. Alikanda kwa upendo na kwa nguvu, na hakutaka hata senti. Nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mguu wa namna ile haukandwi.

Siku ya tano akaanza kuhema. Mwezi wenyewe mnaukumbuka: Januari 2021, kila aliyekosa pumzi alikuwa na "changamoto ya upumuaji", ndivyo tulivyokuwa tukiita UVIKO-19. Nasi tukafanya yaliyokuwa yakifanywa. Tukamfukiza. Sufuria la mwarobaini na mchaichai, blanketi juu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika ncha za blanketi. Alizimia humo ndani.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana aliyetazama mguu kabla ya kifua. Akauliza, "Dada, unatumia majira?" Mama alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda, na mdogo wangu hajaolewa. Akatikisa kichwa: hapana. Nikamwomba mama akatununulie maji ya kunywa. Mlango ulipojifunga mdogo wangu akasema taratibu, "Miezi mitatu. Ni kwa ajili ya chunusi."

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na kipande cha donge kikameguka kikapanda hadi kwenye mapafu. Alipona, namshukuru Mungu na namshukuru daktari yule. Lakini alikunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, miezi sita, na mwanzoni kila wiki ilikuwa ni kwenda mjini kupima kama damu imekuwa nyepesi mno au bado nzito. Mboga za majani zikawa za kupimiwa, kwa kuwa ukila mchicha mwingi leo na kesho usile kabisa, dawa inapoteza mizani. Mtu aliyekulia Mbeya, umwambie apimiwe mboga!

Nianze na lile ambalo najua litasemwa dhidi yangu, kwamba ninawatisha wanawake waache uzazi wa mpango. Siwatishi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti uliotangulia, na sina shaka kwamba kupanga uzazi kuna mkono wake humo. Hesabu ya damu kuganda nayo nimeisoma. Wataalamu wa Shirika la Dawa la Ulaya walikadiria hivi: katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, kama 2 huganda damu kwa mwaka. Wakitumia vidonge vya homoni mchanganyiko vyenye homoni iitwayo levonorgestrel, ambavyo ndivyo vya siku nyingi, ni 5 hadi 7. Wakitumia vile vipya zaidi vyenye drospirenone, gestodene au desogestrel, ni 9 hadi 12. Na mimba yenyewe hugandisha damu kuliko kidonge chochote kati ya hivyo, hasa wiki chache baada ya kujifungua. Kwa hiyo, dada unayesoma haya huku pakiti iko kwenye mkoba, usiitupe kwa sababu yangu. Soma hadi mwisho, halafu kapime presha.

Uingereza walishaonja matunda ya kutisha watu. Oktoba 1995 kamati yao ya usalama wa dawa iliwaandikia madaktari kwamba vidonge vya aina mpya vinaongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili ya vile vya zamani. Habari ikafika kwenye magazeti na redio kabla barua hazijafika kwa madaktari wengi. Wanawake wakaacha vidonge katikati ya mwezi, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda kwa maelfu. Onyo lilikuwa la kweli ila lilitolewa hovyo, na wanawake ndio walioumia.

Sisi hapa tuna kosa la upande wa pili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto anayajua maneno "maudhi madogo madogo". Nesi anayasema kwa tabasamu, wala simlaumu, ndivyo alivyofundishwa: unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kitauma kidogo, hedhi itabadilika, utanenepa kidogo, ni maudhi madogo madogo, mwili ukizoea yataisha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kwa hiyo mnisamehe nikilishika neno moja na kuligeuzageuza. Maudhi ni kitu kinachokera. Nzi ni maudhi. Donge la damu linalopanda kutoka kwenye shavu la mguu hadi kwenye mapafu ni madhara, na laweza kuwa mauti. Tumekichukua kikapu kimoja tukatia humo kichefuchefu na kifo, kisha tukakifunika kwa neno "madogo", tena mara mbili.

Kwa nini nasumbukia neno? Kwa sababu wenzetu walikwenda mahakamani kwa sababu ya neno moja, wakashinda.

Kesi hiyo nilipewa na wakili tuliyemwendea, ambaye habari zake nitazileta. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mama mmoja alianza kumeza vidonge vya kampuni ya Ortho mwaka 1973. Mwaka 1976 akapata kiharusi kilichomwachia ulemavu wa kudumu. Pakiti yake haikuwa bubu. Ilikuwa na onyo kwamba damu inaweza kuganda na mtu akafa, na kijitabu kilichoambatana nayo kilieleza kwamba donge linaweza kufika kwenye ubongo. Tatizo ni kwamba neno lenyewe, kiharusi, halikuwemo. Yule mama akaiambia mahakama kwamba kama angesoma neno hilo asingemeza. Kampuni ikajitetea kwamba wajibu wake ni kumwonya daktari, na daktari ndiye amwonye mgonjwa. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo ikaukataa utetezi huo. Ikasema vidonge hivi haviko sawa na dawa nyingine: mwanamke mzima wa afya ndiye anayeamua kuvimeza, daktari anamwona labda mara moja kwa mwaka, basi mtengenezaji ana wajibu wa kumwonya mwanamke mwenyewe moja kwa moja, kwa maneno anayoyaelewa. Na baraza la wazee wa mahakama lilikuwa na haki kuona kwamba onyo lisilotaja kiharusi kwa jina lake halitoshi.

Waheshimiwa, ile karatasi ya Massachusetts iliyoonekana haitoshi iliandikwa kwa lugha ya yule mama. Sasa mfikirieni mdogo wangu. Aliyoikuta kwenye kasha lake ilikuwa imekunjwa mara kumi, herufi ndogo kama mayai ya chawa, Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Ana shahada ya chuo kikuu. Aliifunua akaona "thromboembolism", yaani donge la damu linaloziba mshipa, akaikunja. Mwanamke wa darasa la saba anayeuziwa pakiti tupu bila kasha, huyo hata ya kukunja hana.

Na hiyo karatasi haikushuka kutoka mbinguni. Januari 1970, Seneta Gaylord Nelson alikuwa akiendesha vikao vya Seneti mjini Washington kuhusu usalama wa vidonge hivi. Wakaitwa madaktari na wataalamu, wanaume watupu kasoro wachache, na hakuitwa hata mwanamke mmoja aliyedhurika navyo. Mwanaharakati Alice Wolfson na wenzake wakasimama katikati ya kikao wakapaza sauti kuuliza kwa nini wagonjwa hawaulizwi. Wakatolewa nje, wakarudi. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaagiza kila pakiti iwe na maelezo kwa mtumiaji, ingawa hadi yanachapwa yalikuwa yamepunguzwa mno kwa shinikizo la madaktari na kampuni. Karatasi tunayoikunja na kuitupa ilipatikana kwa watu kufukuzwa ukumbini. Ilipovuka bahari kuja kwetu, ilikuja bila tafsiri.

Nije kwenye vidonge vyenyewe vya mdogo wangu. Sitataja jina la kasha, wala famasi iliyomuuzia, kwa sababu sina ushahidi wa kusimama nao, na kukosa ushahidi ndiyo habari nzima ya barua hii. Nitasema tu kwamba vilikuwa na drospirenone, kundi la 9 hadi 12. Vidonge ambavyo kwa kawaida hutolewa bure zahanati ni vile vya levonorgestrel, kundi la hatari ndogo zaidi, na kwa hilo Wizara inastahili shukrani. Hivi vingine viko famasi za mjini. Aliona video ya dada mmoja akionyesha uso wake kabla na baada, akaenda akaomba kwa jina, akapewa. Hakupimwa presha, hakuulizwa kama kuna mtu kwao aliwahi kuganda damu, wala hakuambiwa anyooshe miguu akisafiri safari ndefu. Aliulizwa kama ana chenji.

Marekani, vidonge vya drospirenone vilivyojulikana zaidi ni Yasmin, iliyoidhinishwa mwaka 2001, na Yaz, 2006, vya kampuni ya Bayer. Navyo vilitangazwa kwenye televisheni kama dawa ya ngozi nzuri na hasira za kabla ya hedhi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaiandikia kampuni kwamba matangazo yanakuza faida na kuficha hatari. Mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na FDA na majimbo 27 kutumia dola milioni 20 kurusha matangazo ya kujisahihisha. Kuanzia hapo kesi zikamiminika, zikakusanywa chini ya jaji mmoja wa shirikisho kusini mwa Illinois. Aprili 2012 FDA ikaamuru maelezo ya vidonge yabadilishwe, yaseme kwamba baadhi ya tafiti zimeona hatari ya damu kuganda hadi mara tatu ikilinganishwa na vya levonorgestrel. Na kampuni, bila kukiri kosa, ikaishia kulipa zaidi ya dola bilioni 2 kwa zaidi ya wadai 10,000 walioganda damu.

Msinielewe vibaya kwamba nje ni peponi. Ujerumani mwanamke mmoja aliyeanguka mwaka 2009 akiwa na donge kwenye mapafu, kijana wa miaka 25, aliishtaki kampuni hiyo hiyo. Desemba 2018 mahakama ya Waldshut-Tiengen ikamwambia hajathibitisha kwamba ni kidonge kilichosababisha, na rufaa yake huko Karlsruhe nayo ikagonga mwamba mwaka 2021. London, mwaka 2002, wanawake walioganda damu na familia za waliofariki walizishtaki kampuni za dawa za Schering, Organon na Wyeth. Kesi ikageuka darasa la hesabu. Jaji alisema ili wadai washinde, vidonge vipya lazima viwe vimeongeza hatari zaidi ya mara mbili ya vile vya zamani, maana hapo ndipo mtu anaweza kusema kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa donge limeletwa na kidonge kipya kuliko sababu nyingine. Akasikiliza wataalamu kwa wiki na wiki, akafikia 1.7. Kesi ikaishia hapo, kwenye nukta saba.

Kwa hiyo sidai kwamba mdogo wangu angeshinda. Basi lenyewe lingeweza kumgandisha damu, kukaa saa nyingi bila kusimama nako kunagandisha. Wakili alituambia hivyo hivyo bila kutuzunguka: "Upande wa pili watauliza, ni kidonge au ni kiti cha basi? Na mtajibu nini?" Ninachodai ni kwamba yule Mjerumani alishindwa baada ya kusikilizwa. Alikuwa na jina la kidonge, rekodi ya daktari aliyemwandikia, karatasi ya maelezo ya mwaka ule, na mtu wa kumshtaki. Sisi hatukufika hata kwenye ngazi za mahakama.

Ofisini kwa wakili ilikuwa hivi. Akatuuliza kasha liko wapi. Nikamwambia Mama alipogundua siri, alichukua kasha, karatasi na vidonge vilivyobaki akavitumbukiza chooni usiku ule ule, choo cha shimo, ili baba asije akaviona. Wakili akakuna kichwa. Risiti? Hiyo tulikuwa nayo, risiti halali ya mashine ya kodi (EFD), mdogo wangu alikuwa ameipachika nyuma ya simu, ndani ya kava. Akaishika akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mnazijua karatasi zile zinavyofifia. Jina la duka lilikuwa limebaki nusu, tarehe imefutika, na kwenye mstari wa bidhaa palisomeka "DAWA 1" na bei, shilingi 18,000. Basi. Haikuandikwa dawa gani, ya kiwanda gani, toleo namba ngapi. Serikali ilihakikisha kodi yake imeandikwa, na huo ndio ukawa ushahidi pekee kwamba mdogo wangu aliwahi kununua kitu.

Kisha akatuuliza lini. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kufungua dai la madhara ya namna hii. Sisi hadi tunapata barua ya daktari bingwa inayotaja vidonge kuwa chanzo kinachoshukiwa, miaka mitatu ilikuwa imekwisha. Mtu utakimbizanaje na saa ambayo hujui imeanza kugonga? Halafu wakili akatuambia jambo ambalo naamini wananchi wengi hawalijui: Waziri wa Sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, ana mamlaka ya kuongeza muda huo kwa hadi nusu yake, yaani mwaka mmoja na nusu juu ya ile mitatu. Dirisha lipo kweli. Tulipolijua, nalo lilikuwa limefungwa.

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, naanza na wewe kwa kuwa ndiye mwenye funguo za dirisha hilo. Kwa madhara ya dawa, saa ya ukomo ianze siku mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ni dawa iliyomdhuru. Si jambo la ajabu, nchi nyingi zinahesabu hivyo. Pia mzigo wa kuthibitisha usiwe wote juu ya kichwa cha mgonjwa pale ambapo muuzaji hakuweka kumbukumbu yoyote: aliyeuza dawa bila kuandika ameuza nini, asifaidike na ukosefu wa maandishi. Na mfikirie mfuko. Wakati wa chanjo za UVIKO-19 zilizokuja kwa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, nchi za kipato cha chini zilikuwa na utaratibu wa kumfidia aliyepata madhara makubwa bila kwenda mahakamani na bila kutafuta nani mwenye kosa. Kama iliwezekana kwa sindano ya mwaka mmoja, naona ni halali kuuliza habari za kidonge ambacho wanawake wamekimeza tangu enzi za bibi zetu. Fungu dogo kwenye ada ya kila anayesajili dawa ya homoni lingetosha kuanzia.

Kwako Mkurugenzi Mkuu wa TMDA nina maombi mawili tu, nayo yanahusu karatasi. Mtengenezaji wa nje hasajili dawa hapa bila kuwa na mwakilishi wake nchini. Basi mwakilishi huyo aambiwe kwamba vidonge vya uzazi wa mpango haviingii sokoni bila maelezo ya Kiswahili ndani ya kasha, na pakiti isiuzwe nje ya kasha lake. Mwaka ule ule mdogo wangu alipougua, 2021, Bunge lilibadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hakimu ananihukumu kwa Kiswahili. Kidonge kinanionya kwa Kiingereza. La pili, famasi na duka la dawa muhimu liandike kwenye risiti jina la dawa na namba ya toleo. Mashine zipo, zimeunganishwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) hadi vijijini. Ni kujaza mstari mmoja zaidi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwako naomba neno. Litoe "madogo madogo" kwenye mafunzo ya watoa huduma. Waseme maudhi kwa yale yanayokera na hupita, waseme madhara kwa yale ya hatari, na wayataje kwa majina. Mashine ya presha iwe juu ya meza kabla ya pakiti ya kwanza, zahanati na famasi. Na kwa kuwa kukosoa ni rahisi kuliko kuandika, nimeandika karatasi hiyo mwenyewe. Daktari yule yule aliyemtibu mdogo wangu ameisoma na kuisahihisha. Inaenea upande mmoja wa kadi ya kliniki:

"Vidonge hivi huzuia mimba vizuri ukivimeza kila siku. Kwa wanawake wachache vinaweza kugandisha damu na kusababisha kiharusi, shambulio la moyo au kifo. Kabla ya kuanza, pimwa presha. Usianze kama uliwahi kuganda damu, kama unanyonyesha mtoto wa chini ya wiki sita, kama una presha ya juu, kama huona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma, au kama una miaka 35 na zaidi na unavuta sigara. Omba njia nyingine. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, ukikosa pumzi ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa, macho yakififia, upande mmoja wa mwili ukifa ganzi au ulimi ukiwa mzito: nenda hospitali leo, na useme unameza majira. Mguu huo usikandwe. Ukisafiri safari ndefu, simama na utembee. Tunza kasha na risiti."

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliisoma darasani bila kuniuliza neno hata moja, ila mmoja aliyetaka kujua kwa nini mguu usikandwe. Nikamweleza. Akasema atamwambia bibi yake.

Mdogo wangu yu mzima, ameolewa, anatumia kitanzi kisicho na homoni alichochagua baada ya kuulizwa maswali ishirini na nesi mmoja mvumilivu wa hapa kwetu. Ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje jina lake. Fidia hataki tena, anasema amechoka.

Daktari alipomruhusu kutoka wodini alijaza ile fomu yenu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, mimi nikiwa nimeketi pembeni nikimsomea kutoka kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Umri: 24. Jinsia: Ke. Dawa inayoshukiwa: akaandika jina alilolikumbuka mdogo wangu, bila kasha la kulithibitisha. Alipofika kwenye namba ya toleo alinyanyua kichwa akanitazama, nami nikamtazama, akaandika "haijulikani" na kugeuza ukurasa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada mkubwa, mwalimu,
Mbeya